Kwa nini wanafunzi wangu wanapata telofezi nyingi kuliko metafezi kwenye mizizi ya vitunguu?

#1 Mwalimu_wa_Ujiji
Habari zenu, wanajukwaa. Ninafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Kigoma. Wiki hii wanafunzi wamefanya zoezi la kuhesabu hatua za mitosisi, yaani mgawanyiko wa seli (profezi, kisha metafezi, anafezi na telofezi, huku intafezi ikiwa kipindi cha kati ya migawanyiko), kwenye ncha za mizizi ya vitunguu maji tulivyonunua soko la Mwanga, na matokeo yao yamezua mjadala ambao kengele ya kipindi iliukatiza kabla haujafika popote. Intafezi zilikuwa nyingi kupita zote, jambo ambalo kila mtu alilitarajia, na profezi zikafuata. Baada ya hapo karibu makundi yote yalipata telofezi nyingi kuliko metafezi, ilhali mwongozo wa maabara tunaoutumia unaonyesha kinyume chake. Anafezi zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na kundi moja halikuona hata moja.

Kanuni niliyowapa ni ile ya kawaida, kwamba hatua inayochukua muda mrefu ndiyo inayoonekana mara nyingi. Tuchukue mfano wa kubuni: ikiwa mzunguko mzima wa seli ni saa 24, nawe ukakuta seli 20 kati ya 500 ziko kwenye metafezi, basi metafezi inachukua asilimia 4 ya muda huo, yaani karibu dakika 58. Sasa mwanafunzi mmoja ameuliza kama telofezi ya Kigoma ni ndefu kuliko telofezi ya kitabuni, na swali hilo nimeona si la kupuuzwa. Mnasemaje?

#2 Hesabu_Tabora
Salamu kutoka Tabora, Mwalimu. Kabla hatujaingia kwenye baiolojia, naomba tuzungumze idadi. Kila kundi lilihesabu seli ngapi zilizokuwa zikigawanyika? Nauliza kwa sababu ikiwa hesabu inayotarajiwa ya hatua fulani ni 5, mtawanyiko wa kawaida wa bahati tupu ni kipeuo cha pili cha 5, yaani kama 2.2 kila upande. Kundi moja likipata 3 na jingine likapata 7, hakuna jambo lililotokea ndani ya vitunguu. Ni bahati tu. Kundi ambalo lilitarajiwa kupata anafezi 2 linaweza kabisa kukosa hata moja bila ya mtu yeyote kukosea.

#3 Mwalimu_wa_Ujiji
@Hesabu_Tabora, ahsante. Kila kundi lilihesabu seli zote katika nyuga chache za hadubini kwa lenzi ya 40, na zilizokuwa zikigawanyika hazikufika 50 kwa kundi. Hata hivyo, bahati ingewavuta baadhi huku na baadhi kule. Hapa makundi karibu yote yameegemea upande mmoja.

#4 Hesabu_Tabora
Hiyo ni hoja. Bahati haina upande. Basi pana upendeleo wa kimfumo, na sasa ninawaachia wenye hadubini.

#5 Maabara_Kasulu
Mimi ni fundi wa maabara, na zoezi hili nimeliandaa kwa miaka mingi. Ninaomba nianze na swali moja, Mwalimu: mwanafunzi akikuta viini viwili vilivyokaa karibu, kati yake pana kiambaza chembamba kinachoanza kujengwa, aliandika 1 au aliandika 2?

Hapo ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia. Telofezi ni seli moja inayomaliza kugawanyika, kwa hiyo inahesabiwa mara moja. Lakini mwanafunzi anayepitisha jicho kwenye safu ya seli, kiini baada ya kiini, huona vitu viwili vyeusi na kuviandika viwili. Ukifanya hivyo, telofezi zako zinaongezeka maradufu na hatua nyingine zinabaki palepale. Makundi yote yanaegemea upande mmoja kwa sababu yote yalipewa maelekezo yaleyale.

Tatizo la pili ni mpaka wa mwisho. Telofezi inaishia wapi? Ukiweka jicho vizuri utaona kwamba viini vya telofezi changa vimebanana, vimekolea rangi, na mara nyingi vimelala bapa vikitazamana kama vipande viwili vya mwezi. Baadaye vinaanza kuvimba, rangi inapungua, na nukleoli, lile doa la mviringo ndani ya kiini, linajitokeza tena. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba viini vikishakuwa na umbo la duara na nukleoli ikaonekana wazi, hizo zihesabiwe kuwa seli mbili changa za intafezi hata kama bado ni ndogo na zimeshikana ubavu. Usipoweka mpaka huo kabla ya kuanza, kila jozi ya seli ndogo zinazopakana itaitwa telofezi.

#6 Mwalimu_wa_Ujiji
Nimewauliza wawakilishi wa makundi leo asubuhi. Baadhi waliandika 1, baadhi waliandika 2, na kundi moja lilikuwa na watu wawili waliokuwa wakihesabu kwa njia tofauti. Hata hivyo, makundi yaliyoandika 1 nayo yalipata telofezi zikizidi metafezi, ingawa kwa tofauti ndogo. Maelezo ya @Maabara_Kasulu yanachukua sehemu ya tatizo, hayalimalizi.

#7 Bin_Mwandiga
Mimi siyo mwalimu, ila nilisoma mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Kanuni ya muda naielewa hivi: ukipiga picha moja bandarini Kigoma siku meli inapoondoka, wengi katika picha watakuwa wameketi na mizigo yao wakisubiri, na wachache sana watakuwa juu ya ngazi ya kupandia, si kwa sababu wachache ndio wanaopanda bali kwa sababu kupanda ni kitendo kifupi. Anafezi ndiyo ngazi. Kromosomu zinapotengana husafiri kwa kasi ya takriban mikromita moja kwa dakika, na safari yenyewe ni ya mikromita chache, kwa hiyo katika dakika chache tu mambo yamekwisha. Intafezi ni mapumziko ya seli, ndiyo maana ni ndefu.

#8 Daktari_Patholojia
@Bin_Mwandiga, mfano wako wa bandari umenipendeza, ila hilo la mapumziko naomba tulirekebishe kwa sababu wanafunzi wanaweza kuwa wanasoma hapa. Intafezi ndiyo wakati seli inapofanya kazi kubwa zaidi: inakua, inatengeneza protini, na katikati yake inanakili DNA yote. Mwaka 1953 Howard na Pelc walionyesha, kwa kutumia fosforasi yenye mnururisho, kwamba DNA hunakiliwa katika kipindi maalumu ndani ya intafezi, na kwamba kuna pengo kabla yake na pengo jingine baada yake. Kutoka hapo tukapata G1 (pengo la kwanza), S (kipindi cha kunakili DNA) na G2 (pengo la pili). Katika seli nyingi za binadamu zinazokuzwa maabara, mzunguko unachukua karibu saa 24 na mitosisi yenyewe ni kama saa moja tu.

#9 Maharage_ya_Kibondo
Nimefurahi kusikia hilo la Howard na Pelc, kwa sababu walitumia mizizi ya maharage. Sisi huku tuna maharage ya kumwaga. Kwa nini shule za Kigoma zihangaike na vitunguu ambavyo vingine havioti mizizi hata ukae navyo wiki nzima?

#10 Maabara_Kasulu
@Maharage_ya_Kibondo, ndugu yangu, maharage yako ni matamu sana kwa chakula cha jioni, ila siyo hayo waliyotumia. Wao walitumia Vicia faba, ambayo ina kromosomu 12 tu na ni kubwa za kutosha kuzifuatilia moja moja. Maharage yetu ya kawaida, Phaseolus vulgaris, yana kromosomu 22 ndogo sana, na kwa hadubini za shule utaona vumbi. Kitunguu kina kromosomu 16, nazo ni ndefu na nene. Ndiyo sababu kimedumu katika maabara za shule duniani kote.

Kuhusu kutoota mizizi, ni kweli inasumbua. Katika baadhi ya nchi vitunguu vya kuhifadhiwa hupuliziwa maleiki haidrazidi ili visichipue, na kemikali hiyo huzuia mgawanyiko wa seli wenyewe. Kwa hiyo chagua kitunguu kikavu, kigumu, ambacho kimeanza kuonyesha dalili za kuchipua chenyewe, ukwangue mizizi ya zamani iliyokauka, kisha kikalie mdomo wa chupa huku kitako tu kikigusa maji.

#11 Maharage_ya_Kibondo
Vumbi! Haya, nimepokea. Vitunguu viendelee.

#12 Binti_Manyovu
Habari. Naomba kuuliza jambo ambalo nadhani limerukwa. Mizizi ilikatwa saa ngapi, na kati ya kukatwa na kuuawa kwa seli ulipita muda gani? Nilipokuwa chuo, tuliambiwa ncha zikatwe na kutumbukizwa papo hapo kwenye mchanganyiko wa sehemu tatu za ethanoli na sehemu moja ya asidi asetiki, ili kila seli igande katika hatua iliyokuwepo. Ukizikata asubuhi na kuziacha kwenye maji mpaka mchana, hazigandi.

#13 Mwalimu_wa_Ujiji
@Binti_Manyovu, umegusa penyewe. Mkondo mmoja ulikuwa na kipindi cha asubuhi na mwingine cha mchana. Ncha zote zilikatwa asubuhi kwa wembe na kuwekwa kwenye maji safi. Wa asubuhi waliziingiza kwenye asidi ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 60 muda mfupi baada ya kukatwa. Wa mchana walizikuta zimekaa kwa saa kadhaa.

#14 Binti_Manyovu
Basi mimi nitaegemea hapo. Ncha iliyokatwa imetengwa na chakula. Majaribio ya zamani yaliyofanywa kwa ncha za mizizi ya njegere zilizokatwa na kunyimwa sukari yalionyesha kwamba seli husimama katika G1 na G2, yaani haziingii mitosisi mpya. Zile ambazo tayari zilikuwa ndani zinaendelea hadi zimalize. Ikiwa mlango wa kuingilia umefungwa na mlango wa kutokea uko wazi, waliobaki ndani watakuwa ni wale wa karibu na mlango wa kutokea, yaani telofezi. Metafezi zitapungua mapema kuliko telofezi.

#15 Maabara_Kasulu
Hoja yako nzuri, dada, ila ina kikwazo. Kama mlango ungefungwa, wa kwanza kupungua wangekuwa profezi, nao Mwalimu anasema profezi ndizo zilizofuatia intafezi kwa wingi.

#16 Binti_Manyovu
Isipokuwa kama hizo profezi siyo profezi. Seli iliyosimama katika G2 ina DNA maradufu, kiini chake ni kikubwa na kinashika rangi vizuri. Mwanafunzi anayetafuta kiini kikubwa kilichokolea ataiita profezi bila kusita.

#17 Daktari_Patholojia
Hapa ninaunga mkono kwa uzoefu wa kazi. Sisi tunaopima saratani huhesabu seli zilizo katika mitosisi ili kukadiria ukali wa uvimbe. Katika saratani ya matiti, kwa mfano, hesabu hiyo ni moja ya mambo matatu yanayoamua daraja la ugonjwa. Na katika hesabu hiyo kwa kawaida profezi hatuihesabu kabisa. Tunataka tuone kwamba utando wa kiini umekwisha kutoweka na kromosomu zimeonekana zikiwa na kingo zisizo laini, kwa sababu kiini kilichokolea rangi kinaweza kuwa profezi, kinaweza kuwa G2, na kinaweza kuwa seli inayokufa. Watu wawili wenye uzoefu, wakitazama slaidi ileile, hutofautiana zaidi kwenye profezi kuliko kwenye metafezi. Ningependekeza wanafunzi wasiandike profezi mpaka waone nyuzi zilizotenganika ndani ya kiini, siyo weusi tu.

#18 Kidato_cha_Sita
Shikamooni. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa Mwalimu, wa mkondo wa asubuhi. Sisi hatukuacha ncha kwenye maji muda mrefu, na bado tulipata telofezi nyingi. Halafu nina swali lingine. Tuliona duara la kromosomu kama shada, katikati pako wazi. Tuliandika profezi kwa sababu metafezi kitabuni ni mstari. Je, tuliandika sawa?

#19 Maabara_Kasulu
Marahaba, mwanangu. Swali lako lina uzito kuliko kurasa nzima za uzi huu. Mstari wa metafezi ni bamba linalotazamwa kutoka ubavuni. Seli ikilala vingine, ukalitazama bamba hilo kutoka kwenye ncha moja ya seli, utaona duara au shada. Hiyo ni metafezi. Katika ncha ya mzizi iliyolazwa vizuri, seli nyingi zimejipanga kwa safu kufuata urefu wa mzizi, kwa hiyo bamba mara nyingi huonekana kwa ubavu. Lakini mkibonyeza kioo cha kufunikia kwa kidole gumba, na hasa asidi ikiwa imeshalegeza gundi iliyo kati ya seli, seli hugeuka kila upande. Kila shada mliloliita profezi mliitoa metafezi moja na kuiongezea profezi moja.

#20 Bin_Mwandiga
Kwa hiyo metafezi zenu hazikupotea, zilivaa nguo nyingine. Mwalimu, huyo kijana mpe alama zake.

#21 Samaki_wa_Ziwa
Naomba nitie neno kutoka upande wa uvuvi. Kanuni yenyewe ya muda inasimama juu ya sharti ambalo hakuna aliyelitaja: seli ziwe zimetawanyika ovyo katika mzunguko, kila moja na saa yake. Sharti hilo halipatikani kila mahali. Katika viinitete vichanga vya samaki aina ya zebrafish, ambavyo vimechunguzwa sana, migawanyiko ya mwanzo hufanyika karibu kwa pamoja, kila baada ya takriban dakika 15. Ukiviua katika dakika fulani, utakuta karibu seli zote ziko metafezi. Ukiviua dakika chache baadaye, karibu zote ziko anafezi. Hapo idadi haikuambii lolote kuhusu muda. Je, tuna uhakika gani kwamba mizizi ya vitunguu vilivyowekwa majini jioni ileile, katika chumba kilekile, haijaanza kugawanyika kwa mawimbi?

#22 Tumbaku_Tumbi
@Samaki_wa_Ziwa yuko sahihi kuhusu sharti. Kwa kuwa nyumbani kwetu Tabora ni tumbaku, nitoe mfano wa tumbaku. Kuna seli za tumbaku zinazoitwa BY-2, zilizotokana na aina moja ya Japani, ambazo watafiti huzisimamisha zote kwa afidikolini, dawa inayozuia kunakili DNA, kisha huiosha. Baada ya saa kadhaa sehemu kubwa ya seli huingia mitosisi kwa pamoja. Lakini angalia juhudi inayohitajika: dawa, kuosha, na muda uliopimwa. Maji ya kwenye chupa hayawezi kuzipanga seli kiasi hicho. Kwa mizizi iliyokwisha kurefuka sentimita moja au mbili, mimi ninaamini mtawanyiko upo.

#23 Samaki_wa_Ziwa
Kuamini siyo kupima. Wimbi dogo tu linatosha kuvuruga uwiano wa metafezi na telofezi, kwa sababu zote mbili ni fupi. Na kuna ripoti za zamani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, zinazodai kwamba mgawanyiko katika mizizi ya kitunguu hupanda na kushuka kwa saa za siku.

#24 Tumbaku_Tumbi
Ninyi wa mwisho wa reli hamkubali kushindwa. Haya, lipimwe: wakate ncha kila baada ya saa mbili kuanzia asubuhi, waziue papo hapo kwa ethanoli na asidi asetiki, kisha wahesabu zote siku moja.

#25 Hesabu_Tabora
Nimerudi kwa sababu mfano wa saa 24 wa post #1 unanisumbua. Mwalimu, kanuni ya kugawanya moja kwa moja inachukulia kwamba seli changa na seli za umri mkubwa ni sawa kwa idadi. Lakini kila seli inayogawanyika huzaa mbili. Katika kundi linaloongezeka maradufu, seli zilizozaliwa sasa hivi ni mara mbili ya zile zinazokaribia kugawanyika. Mitosisi iko mwisho wa mzunguko, kwa hiyo inaonekana kwa uchache kuliko inavyostahili kwa muda wake. Chukua mfano: asilimia 10 ya seli ziko mitosisi. Hesabu ya kawaida inatoa saa 2.4 katika saa 24. Hesabu inayozingatia umri ni logi ya 1.1 kwa kizio cha 2, ambayo ni 0.1375, na ukiizidisha kwa 24 unapata saa 3.3. Tofauti hiyo siyo ndogo.

#26 Maabara_Kasulu
Mwalimu wa hesabu, hiyo ni sawa kwa seli zilizo kwenye chupa ambako zote zinaendelea kugawanyika. Ncha ya mzizi siyo chupa. Seli zinazosukumwa nyuma huacha kugawanyika na kuanza kurefuka, ndiyo maana eneo lenyewe la mgawanyiko linabaki na ukubwa uleule. Ukihesabu mbali kidogo kutoka nchani, unaingiza intafezi za seli zilizokwisha kustaafu.

#27 Hesabu_Tabora
Ndani ya eneo lenyewe bado kila seli huzaa mbili kabla ya kusukumwa nje, kwa hiyo umri hautawanyiki sawa. Hilo la kustaafu linaathiri kigawanyo, yaani jumla ya seli, halifuti hoja yangu. Nakubali tu kwamba haliwezi kueleza telofezi kuzidi metafezi, maana hatua hizo mbili zimepakana na marekebisho yake yanakaribia kuwa sawa.

#28 Daktari_Patholojia
Na kuna jambo moja linalohusu metafezi yenyewe. Tusiichukulie kuwa na urefu maalumu. Seli haiingii anafezi mpaka kila kromosomu iwe imeshikwa na nyuzi zinazovuta kromosomu kutoka pande zote mbili za seli. Hata moja ikibaki haijashikwa, zote husubiri. Mwaka 1995 Rieder na wenzake, wakitumia seli za mnyama, waliharibu kwa leza sehemu ya kushikia nyuzi ya kromosomu ya mwisho iliyokuwa bado haijashikwa, na seli ikaacha kusubiri ikaendelea na anafezi. Maana yake ni kwamba urefu wa metafezi hutegemea jinsi upangaji ulivyokwenda. Kemikali zinazovuruga nyuzi hizo, kama kolkisini, huzirundika seli kwenye hatua hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mizizi yenu ilikuwa na afya njema na metafezi zake zilikuwa fupi, na ya mwongozo wenu ilikuzwa katika hali nyingine.

#29 Binti_Manyovu
Daktari, na joto je? Ujiji siyo sawa na maabara ya Ulaya yenye baridi.

#30 Daktari_Patholojia
Joto huharakisha mzunguko, hilo halina ubishi. Lakini likiharakisha hatua zote kwa uwiano uleule, asilimia hazibadiliki hata kidogo. Ili joto lieleze matokeo haya, lazima liharakishe metafezi kuliko telofezi, na hilo linahitaji kuonyeshwa kwa vipimo.

#31 Mwalimu_wa_Ujiji
Ninawashukuru nyote. Tutarudia wiki ijayo kwa maelekezo mapya: telofezi ihesabiwe 1, nukleoli ikionekana ni intafezi, shada ni metafezi, na profezi isiandikwe bila nyuzi. Ncha zitauawa papo hapo kwa mikondo yote miwili. Na tutajumlisha hesabu za makundi yote kabla ya kulinganisha, kwa sababu ya hoja ya @Hesabu_Tabora kuhusu idadi.

#32 Samaki_wa_Ziwa
Na za kila baada ya saa mbili, Mwalimu?

#33 Mwalimu_wa_Ujiji
Wanafunzi wa bweni wamejitolea kuanza saa 12 asubuhi. Ethanoli iliyopo inatosha.

#34 Maabara_Kasulu
Jambo la mwisho kutoka kwangu: ukibadilisha maelekezo yote kwa siku moja, matokeo yakibadilika hutajua ni lipi lililoyabadilisha. Kama slaidi za mara ya kwanza hazijakauka, zihesabiwe upya na wanafunzi walewale kwa maelekezo mapya, na majina ya mikondo yafunikwe kwa karatasi ili anayehesabu asijue anatazama slaidi ya asubuhi au ya mchana.

#35 Kidato_cha_Sita
Slaidi zetu tulizipaka rangi ya kucha pembeni, kwa hiyo hazijakauka. Nimeitazama moja leo jioni. Mashada yapo mengi.